Neno Lililomezwa na Cherehani

Katika karakana ya sare za shule hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mkasi. Kazi yake ilikuwa kutandaza vitambaa, kuchora kwa chaki na kukata kola na mikono ya mashati. Mikono yake ilikuwa myepesi. Kuamini watu ndiko kulikomshinda.

Asubuhi moja alikwenda stoo kuchukua chaki. Nyuma ya ubao mwembamba akamsikia bosi akinong'ona na Vifungo, mshona vifungo, rafiki wa Mkasi wa chanda na pete.

"Mkasi tumkat..." Cherehani kikanguruma, kikameza mwisho wa neno.

"Afadhali mapema," Vifungo akajibu, "kabla hajaanza maneno yake."

Mkasi akarudi mezani. Siku hiyo alikata rundo zima la mikono, yote ya kushoto.

"Wanataka kunikata," alimwambia mumewe jioni.

"Kukata nini? Watu wanakata tiketi, wanakata shauri, wanakata mitaa. Mbona wewe umerukia shingo tu?"

"Cheka. Anayekatwa kazini hupigiwa tarumbeta kwanza?"

"Basi kamuulize, mke wangu, ulale."

Hakuuliza. Akawa anawatazama kwa jicho pembe. Mara bosi anapima meza yake kwa futi. Mara mgeni mwenye tai anamuuliza umri na afya. Vifungo naye, akimwona tu, anameza maneno. Mkasi akaanza kwenda na mkasi wake mkubwa nyumbani, ili atakayerithi meza aanze na ule butu wa karakana.

Siku ya pili ya wiki iliyofuata, Vifungo alimsogezea kikombe cha chai. Mkasi akaimwaga sakafuni.

"Mnafiki! Tunakula sahani moja, kumbe unaninolea kisu!"

Vyerehani vyote vikanyamaza. Vifungo akainama, machozi yakimlengalenga. Bosi akatoka ofisini.

"Kuna mashine ya umeme ya kukatia inakuja," alisema. "Ile haichagui kitambaa na kidole. Huyu Vifungo ndiye aliyenikaba koo: Mkasi asiiguse kabla hatujamkatia bima."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimkataza mimi. Ungeigomea kabla haijafika."

Mkasi alitamani ardhi ipasuke. Akaomba radhi mbele ya wote.

"Nimekusamehe, dada," Vifungo akasema. "Ila uliyosema nimeyasikia."

Mashine ikaja, Mkasi akaizoea. Utani wao haukurudi. Walisalimiana kwa adabu, kama majirani wapya.

Kisha mama yake Vifungo akalazwa hospitali, na Vifungo akakaa naye siku kadhaa. Kila jioni Mkasi alibaki nyuma, akashona vifungo vya mwenzake bila kuombwa wala kumwambia mtu.

Vifungo aliporudi alikuta kapu la kazi tupu. Akachukua shati moja, akavuta kifungo. Kikabaki mkononi mwake.

"Hiki umekishona wewe," akamwambia Mkasi, na kicheko kikamtoka.

"Nani kakwambia?" Mkasi akauliza, macho yakizunguka karakana nzima. "Nani kanichoma?"

Vifungo akazidi kucheka hadi akakaa chini.