Jina la Baba Yake Kwenye Kijitabu cha Mbio

Mzee alinijua kwa harufu kabla hajanijua kwa sura. Nilikuwa na wiki tatu tu ghalani kwake, huku Kanada, nashusha mazulia kwenye lori, siku moja akapita nyuma yangu, akasimama.

"We Mtanga," akasema, "unanuka farasi."

Niliona haya. Koti nilikuwa nalo moja, la kazini na la kwingine kote. Nikamweleza kwamba Jumamosi na Jumapili nasafisha mabanda kwa mama mmoja wa Kizungu, kaskazini ya mji, anayefuga farasi wa Kiarabu. Nilidhani atanikataza nisije na harufu ile karibu na bidhaa zake. Yeye akavuta pumzi tena, kama mtu anayeonja pilau kwa pua.

"Baba yangu alinuka hivi hivi," akasema. "Unguja."

Baba yake ndiye aliyekuwa akimtunza farasi wa msafara wa Muharramu, yule anayeongozwa kwa hatamu tu, asiyepandwa na mtu. Mzee ni Shia wa Ithnaasheri, mimi Sunni wa Tanga, na mengine ya mambo hayo siyajui vizuri, nisije nikasema uongo. Ninalojua ni kwamba tangu siku ile alikuwa akija ghalani na glasi mbili za chai, anakaa juu ya zulia lililoviringwa, ananiuliza habari za farasi mmoja mmoja. Wanangu nikiwaambia mkuu wangu wa kazi alikuwa akinipikia chai kwa mkono wake, wananijibu kwa Kiingereza kwamba natia chumvi. Sitii.

Sikusoma sana. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Haya nayatoa kwenye madaftari yangu, na pale daftari liliponyamaza nitasema limenyamaza.

Farasi wa Kiarabu Kanada walikuwa kama wageni waliochelewa harusini. Watu wa mbio wanampenda yule farasi mrefu wa Kiingereza, anayefyatuka kama risasi. Mwarabu ana pumzi ya safari ndefu, mbio fupi si zake, basi huchekwa. Kwenye uwanja mdogo aliokuwa akienda yule mama, Waarabu walipewa mbio moja kwa msimu, tena asubuhi kabla watazamaji hawajajaa, farasi watano, bila dau. Zawadi ilikuwa kikombe cha bati. Kwa kikombe cha bati nani atamsafirisha farasi? Na farasi wasipokuja, mbio zinafutwa.

"Tunahitaji mdhamini," mama akaniambia. "Mmoja tu, mwenye moyo."

Nikamfikiria Mzee. Na hapa nisijifiche nyuma ya mtu: wazo la jina lilikuwa langu. Nilimwambia, "Mzee, watu wanachimba visima kwa jina la wazazi wao waliotangulia. Wewe toa zawadi hii kwa jina la marehemu baba. Mnyama aliyempenda atapata uhai hapa, na thawabu zimfikie."

Aliweka glasi yake chini. Akauliza swali moja tu.

"Kuna kamari?"

"Hakuna, Mzee. Mbio hizi za Waarabu hazina dau."

Nimelitafuta jibu hilo kwenye daftari mara nyingi. Siku ile lilikuwa kweli.

Yule mama alitaka ampigie Mzee simu mwenyewe. Nikamkataza. Nikamwambia kwetu mtu mzima haendewi hivi hivi, kuna mshenga, na mshenga ni mimi. Akacheka, akakubali. Kila neno la uwanja likawa linapita kinywani mwangu.

Mwaka wa kwanza walikimbia farasi sita. Akashinda jike wa kijivu wa yule mama, niliyemsugua mimi mwenyewe tangu alfajiri. Mzee akamvisha blanketi la kijani lenye jina la baba yake kwa uzi wa dhahabu, akamsemesha sikioni kwa Kikachi, lugha ya mababu zake. Mwaka wa pili walikuja tisa, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi nilitembea uwanjani kama baba wa bwana harusi. Mke wangu akanitania, "Punguza kifua, farasi si wako, jina si lako, lako ni lile beleshi la mavi."

Mwaka wa tatu, wiki tatu kabla ya mbio, mama akanijia bandani anakimbia.

"Tumekua!" akasema. "Wametuhamishia mchana, na wamekubali kufungua dau! Kwa ajili ya mdhamini wetu. Tumeonekana kuwa mbio za kweli."

Alinikumbatia. Nami nilikuwa na beleshi mkononi.

Nataka nimtendee haki huyu mama. Kwake dau ndilo lililokuwa likimlisha farasi. Mbio zisizo na dau ni mchezo wa shule. Hakuficha kitu. Aliniuliza pale pale, "Mzee atafurahi, sivyo? Utamwambia leo?"

Nikasema nitamwambia.

Jioni nilimweleza mke wangu, anakunja nguo. Hakuinua hata uso. "Mwambie."

"Akijitoa je? Mbio zinakufa. Mama atauza farasi."

"Na wewe utakosa kibarua."

"Na mimi nitakosa kibarua," nikasema, maana ilikuwa kweli.

"Sasa wewe mshenga gani," akasema, "unayepeleka posa na kuficha kuwa bibi harusi ana mume? Mjumbe hauawi. Nenda."

Nilikwenda. Kutoka kwetu Rexdale hadi nyumbani kwake Thornhill ni mabasi matatu, na basi la mwisho Jumapili huja likitaka. Njia nzima nilipanga maneno. Nikajiambia pia, na nililiandika hili: zawadi ya mbio za farasi dini inaruhusu, hilo nililisikia tangu chuo cha Kurani, wanaoweka dau ni wengine, dhambi ni zao, zitamfikiaje marehemu? Nilijihukumu na nikajiachilia, peke yangu, kwenye kiti cha nyuma cha basi.

Mzee alinifungulia mlango mwenyewe. Akanikalisha, akaleta chai na visheti. Mezani alikuwa ameweka picha ya baba yake, mpya kutoka kwa mpiga picha, amekuzwa, amesimama na kofia yake kando ya farasi mweupe.

"Tazama mkono," akaniambia. "Hamshiki hatamu. Kamwekea shingoni tu. Farasi hatoki." Kisha akasema polepole, "Tangu tuanze hizi mbio namwota, Mtanga. Miaka arubaini nilikuwa simwoti."

Nilirudisha kisheti sahanini. Aliniuliza, "Haya, una habari gani za uwanja?"

Nikasema, "Mwaka huu wametupa saa nzuri, Mzee. Mchana."

"Alhamdulillahi," akasema.

Hayo ndiyo maneno yangu yote. Nimeyaandika vile vile bila kuyapamba. Hayakuwa uongo, na hicho ndicho kinachonisumbua zaidi, maana uongo ningeuombea radhi kwa jina lake.

Siku ya mbio Mzee alikuja na suti ya kijivu, ameshika blanketi kwapani limefungwa kwa karatasi. Farasi kumi na mmoja. Watu wamejaa hata kwenye uzio. Nilimwona anatabasamu kwa wingi ule, na kwa muda nilifikiri huenda nimevuka salama. Nilimwacha kwenye viti nikaenda kumtayarisha yule jike.

Tulishinda tena. Nilimleta kwenye duara la washindi, jasho linamtoka, mama analia kwa furaha. Mdhamini akaitwa kwenye kipaza sauti. Akaitwa tena. Nikageuka kumtafuta.

Alikuwa chini ya viti, ameinama. Vijitabu vya mbio, vile vinavyouzwa mlangoni, vilikuwa vimetupwa kila mahali na watu waliokosa, na tiketi za dau zilizochanwa juu yake. Kwenye ukurasa wa mbio zetu jina la baba yake lilikuwa limechapwa kwa herufi nene, na chini yake orodha ya farasi na madau yao. Watu walikuwa wakilikanyaga wakienda kununua bia. Naye alikuwa akiviokota, kimoja kimoja, anavifuta kwa leso.

Nilimpa mtu mwingine farasi, nikamwendea, nikainama nami. Tuliokota pamoja. Mtu mmoja mwenye furaha, kalamu sikioni, akatusogezea kijitabu kwa mguu ili kutusaidia. Nilitaka kumkasirikia. Lakini angejuaje?

Mzee alipokaa, mikono imejaa karatasi, akasema, "Ulijua."

"Nilijua, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya visheti."

Hakunyanyua sauti. Afadhali angenyanyua. "Ungeniambia," akasema, "ningelitoa jina, nikawaachia blanketi na zawadi. Wangekimbia tu. Nilikuwa nawapenda hawa farasi hata bila jina."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika wiki tatu zote za kupiga hesabu ya hofu zangu, sikuwahi kufikiri kwamba yule mtu angeweza kuwa na jibu lake mwenyewe.

Akanikabidhi karatasi. "Zina jina la marehemu, huwezi kuzitupa. Unajua la kufanya." Kisha akatoka na blanketi lake kwapani. Siku ile yule jike hakuvishwa kitu.

Mwaka uliofuata hapakuwa na mdhamini. Walikuja farasi wanne, mbio zikafutwa. Mama aliuza farasi wake watatu, pamoja na jike wa kijivu, na hakunilaumu hata mara moja, jambo ambalo daftari langu limelirudia mara kadhaa kana kwamba halikuamini. Alichoniuliza ni hiki tu: "Kwa nini hukuniacha nimpigie simu mwenyewe?"

Jina nililikata kwenye kila kijitabu kwa mkasi, mezani jikoni, mke wangu ananishikia taa. Vipande nilivifunga kwa kitambaa cheupe nikavizika karibu na mto Humber, mahali maji hayafiki na watu hawapiti. Sijui kama ndivyo inavyotakiwa kwao. Niliona haya kumwuliza.

Ghalani kwa Mzee sikurudi tena, kwa haya. Nilikutana naye baada ya miaka mitatu, kwenye duka la nyama. Alikuwa amekonda. Aliuliza kwanza habari za farasi.

"Yule jike yuko wapi?"

"Yuko shamba moja, Mzee. Wanamtumia kuwafunza watoto kupanda. Anazunguka duara tu."

"Bila dau?"

"Bila dau."

"Basi kapumzika," akasema.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya mizani, watu wanangojea zamu zao. Alinishika bega.

"Mtanga, mimi nilikusamehe siku ile ile, ulipoinama. Lakini jina halikuwa langu, lilikuwa la baba."

Akachukua nyama yake akaondoka. Mwenye duka akaniuliza nataka nini, na mimi nilikuwa nimesahau.