Mursik ya Mshindi

Mashindano ya riadha ya Afrika Mashariki yalipofika Nakuru, mama alitoka Njoro na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala, amnyweshe dada yangu akishinda mita elfu tano. Dada aliongoza hadi kona ya mwisho, ndipo msichana wa Uganda akampita kama upepo wa bondeni.

Mama alishuka jukwaani. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa yule mgeni, akamwinulia kibuyu.

"Kunywa, mwanangu. Mursik ni ya mshindi."

"Na mimi je, mathe?" dada akalalamika, bado akihema.

"Wewe ungeongeza mwendo kidogo tu!"

Mgeni alicheka hadi maziwa yakamtoka puani, kisha akamshikia dada kibuyu anywe.