Karani Aliyesoma Masharti Yote

Mtaani walimwita Bi Maringo, na sidhani kama aliyempachika jina hilo alikuwa na ubaya naye. Ungekutana naye sokoni, kikapu mkononi, ukamtazama kwa tabasamu la mtu anayekufahamu vizuri, naye akakupita kama amepishana na nguzo ya umeme. Lakini ukimwahi kwa salamu, hapo alisimama, akaitikia, akauliza habari za watoto, akauliza hata za kuku. Watu wakaamua kwamba mama yule anasubiri kuamkiwa kama mke wa waziri.

Hawakujua, naye hakuwaambia. Alikuwa karani wa masjala ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na wagonjwa wote wa mji ule walikuwa wamepita dirishani kwake. Angemsalimia mtu mbele ya mkwewe, yule mkwe angeuliza, "Mama huyu mmejuana wapi?" Basi akaamua mapema kabisa kwamba mgonjwa ndiye atakayechagua kumjua nje ya geti au kutomjua. Kwa ajili hiyo alikubali kuitwa jina lolote.

Masjala yenyewe ilikuwa chumba chembamba, rafu zimefika darini, na dirisha la nondo lenye uwazi chini wa kupitishia kadi. Nje kulikuwa na benchi la kukaa watu wanane, na kila siku walikaa kumi na wawili. Alipoanza kazi alikuta majalada ya wagonjwa wa chumba namba saba yamechorwa mstari mwekundu. Chumba namba saba ni kile ambacho watu huingia wakitazama chini. Mwaka wake wa pili alibadilisha majalada hayo yote, moja baada ya jingine, akayavisha karatasi ya kahawia kama mengine. Mkuu wake alipouliza kulikoni, alisema wino mwekundu umekwisha. Wino huo haukupatikana tena mpaka leo.

Nyumbani hakuwa tofauti. Mume wake, dereva wa lori aliyestaafu, aligundua siku moja kwamba dada yake mwenyewe alikuwa ametibiwa hospitalini pale miezi sita.

"Umelala kitanda kimoja na mimi miezi sita, unajua dada yangu anaumwa, na hukusema?"

"Nimelala na wewe," alijibu. "Faili lililala kazini."

Mzee alinuna wiki nzima. Baadaye ikawa yeye ndiye anayewasimulia wenzake kisa hicho, huku akicheka mpaka machozi, kwa sababu moyoni alijivunia kuoa mtu wa namna hiyo.

Halafu ukaja mfumo. Wizara iliandika waraka kwamba majalada ya karatasi yamepitwa na wakati, na kampuni moja ikaleta vishikwambi vitatu ndani ya maboksi meupe. Pamoja navyo alikuja bwana wa kampuni, viatu vimechongoka, akawafundisha makarani kwa saa moja.

"Hapa unaingiza jina, hapa namba ya simu, hapa unampiga picha, halafu unagusa Nakubali. Basi."

"Anayekubali ni nani?" Bi Maringo aliuliza.

"Mgonjwa."

"Mbona kidole ni changu?"

Wenzake walicheka. Bwana wa kampuni naye alicheka kidogo, kwa adabu. "Mama, hayo ni masharti tu. Hakuna anayesoma."

Sitaki kumpamba. Kwa wiki tatu za kwanza alifanya kama wenzake wote. Foleni ilikuwa ndefu, macho yanauma, na kile kitufe cha kijani kilikuwa kikubwa kuliko vitu vyote pale kiooni. Aligusa Nakubali kwa niaba ya watu zaidi ya mia nne, na mmoja wao alikuwa seremala wa mtaa wa pili, mgonjwa wa chumba namba saba.

Seremala alirudi dirishani asubuhi moja bila kadi. Alipitisha simu yake chini ya nondo ili aisome mwenyewe. Meseji ya kwanza ilisema, "Mpendwa mteja, usisahau dawa zako za kila siku. Chumba namba 7 tunakujali." Ya pili ilitoka kwa kampuni nyingine kabisa, na ilimkaribisha ajiunge na bima ya mazishi kabla hajachelewa. Simu ilikuwa juu ya meza ya kazi zilipoingia, na mafundi wake wakazisoma kabla yake.

"Mama," alisema taratibu, "mimi nilikuwa najua wewe ndiye unayenificha."

Akachukua simu yake akaondoka. Tarehe yake ya dawa ilifika, ikapita, hakuonekana. Bi Maringo alilia siku hiyo, ndani ya masjala, ameegemea rafu. Halafu akanawa uso na kuwasha kishikwambi.

Kwa asubuhi tatu alifika kazini kabla ya wafagiaji. Alivaa miwani, akafungua yale masharti ambayo hakuna anayesoma, akayanakili kwa mkono kwenye daftari kubwa, vifungu vyote arobaini na viwili. Kifungu cha pili kilisema kukubali hakuhesabiki mpaka mgonjwa awe amesoma au amesomewa kwa lugha anayoielewa. Cha kumi na mbili kilisema taarifa zake zinaweza kupelekwa kwa washirika wa kibiashara kwa nia ya kuboresha maisha yake. Hapo akakumbuka bima ya mazishi, akauma meno. Na cha thelathini na moja, kimejificha katikati ya maneno mazito kama mtu anayekwepa deni, kilisema mgonjwa ana haki ya kukataa, na akikataa ataendelea kuhudumiwa kwa karatasi bila kupunguziwa huduma yoyote.

Alikisoma mara nne. Kitufe cha kukataa hakikuwepo popote.

Jumatatu, mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye mguu uliovimba.

"Baba, kabla sijagusa hapa, inabidi nikusomee," alimwambia.

"Soma tu, mwanangu."

Akasoma. Ilichukua dakika ishirini na tano. Benchi lilianza kunung'unika, mama mmoja akauliza kama leo kuna ibada. Alipofika kifungu cha kumi na mbili minong'ono ilipungua. Alipofika cha thelathini na moja, mtu wa mwisho wa benchi akasema, "Hicho kirudie."

Akakirudia, polepole.

"Basi mimi nakataa," alisema mzee wa mguu. "Niandike kwenye karatasi kama zamani."

Aliweka kishikwambi kwenye droo, akapanda ngazi, akamletea jalada lake.

Kufika Jumatano alikuwa amejifunza kulisomea benchi zima kwa pamoja ili kuokoa muda. Alisoma bila kuongeza chumvi na bila kupunguza, kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza kwamba daktari wa macho hayupo. Waliokubali aliwaingiza kwenye mfumo vizuri, akawapiga picha nzuri, hakuwanunia. Lakini kati ya watu themanini, waliokubali walikuwa tisa.

Habari ikapanda ngazi mpaka kwa mganga mkuu. Alimwita ofisini, na bwana wa kampuni alikuwa amekwisha kaa.

"Mama, unatuangusha," mganga mkuu alisema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu, na hofu ikikaa ofisini muda mrefu huota mizizi. "Tumekuwa wa mwisho kwenye orodha ya wizara. Mwisho wa mwezi, asiye na namba ya mfumo hapewi dawa. Waraka huu hapa."

Bi Maringo aliweka daftari mezani, akalifungua palipokunjwa. "Na kifungu hiki hapa, daktari."

Bwana wa kampuni alikichungulia. Ilionekana wazi kwamba naye alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza. "Hicho kiliwekwa kwa sababu za kisheria tu."

"Ndizo hizohizo ninazozifuata."

Mganga mkuu alitazama dirishani, akatazama saa, akatazama kila kitu isipokuwa watu wawili waliokuwa mbele yake. "Umebakiza miezi minane ustaafu," alisema mwishowe. "Fanya unavyojua. Lakini mimi sijakuambia kitu."

Maneno hayo nimewahi kuyasikia kwa wakubwa wengi. Maana yake ni kwamba mambo yakiharibika, uko peke yako.

Miongoni mwa watu wa chumba namba saba alikuwepo msusi mmoja. Alikuja mara moja kwa mwezi, saa ya chakula cha mchana wakati benchi limepungua, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, na sauti yake haikuwahi kuvuka nondo. Alikuwa akikaa kwa wakweze, akitumia simu moja na wifi yake. Dawa zile ndizo zilizomwezesha kusimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba akizikatisha hata siku chache, ugonjwa utarudi kwa nguvu. Tarehe yake iliangukia siku ya kwanza baada ya mwisho wa mwezi.

Alikuja. Bi Maringo alimsomea, akakataa, akapewa jalada lake na kwenda dirisha la dawa. Baada ya muda mfupi alirudi na mfuko mtupu.

"Mfamasia anasema mfumo umekataa."

Siku hizi kila ubaya unafanywa na mfumo. Binadamu wote wamekuwa watumishi wema wanaosikitika.

"Mama, niandike tu," msusi alisema. "Weka namba ya simu ya wifi. Vidonge vyangu vimebaki viwili. Liwalo na liwe."

Kishikwambi kilikuwa kimewaka. Kitufe cha kijani kilikuwa hapohapo, na kugusa kulikuwa rahisi kuliko kupumua. Mwanamke mwenyewe ameomba, nani angemlaumu? Akilini alimwona seremala akipitisha simu chini ya nondo. Akazima kishikwambi.

Alifunga dirisha saa za kazi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akachukua jalada, akatoka.

"Tangulia," alimwambia msusi. "Mimi nakuja hatua kumi nyuma yako. Sisi hatujuani."

Wakapita ukumbini hivyohivyo, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama watu wawili wenye shida mbalimbali. Mbele ya dirisha la dawa alimpisha msusi apate nafasi, kisha akafungua jalada na kuandika: Amesomewa masharti. Amekataa kwa kifungu cha 31. Apewe dawa. Lawama ni yangu. Akaandika majina yake yote matatu, namba yake ya kazi na tarehe, akatia sahihi.

Mfamasia, kijana wa watu aliyekuwa na watoto wawili wadogo, aliusoma mstari ule mara mbili. "Mama, sahihi hii itakufuata."

"Nimeshazeeka, haitanikimbiza mbali."

Mfamasia alitabasamu bila kutaka. Akageuka, akashusha kopo kwenye rafu, akahesabu vidonge vya mwezi mzima. Msusi alivipokea kwa mikono miwili. Akaondoka haraka, na Bi Maringo hakumtazama alikoelekea.

Jioni hiyo, kabla hajafika nyumbani, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia karakana ya seremala bila kuitwa, akaagiza stuli ambayo hakuihitaji. Mafundi walikuwa wanasikiliza, kwa hiyo alizungumzia miguu ya stuli tu, na wakati wa kuondoka akasema masjala imerudi kwenye karatasi kwa anayetaka, na mume wake, asiyependa vishikwambi, amefurahi kweli. Seremala aliendelea kupiga randa. Kama alirudi hospitali au hakurudi, faili lake ndilo linalojua. Nilimuuliza Bi Maringo, akaniuliza mimi nina kuku wangapi siku hizi.

Adhabu haikuchelewa. Barua ilimhamishia stoo ya mashuka nyuma ya jengo, kwa miezi iliyobaki, "kwa manufaa ya kazi". Dirishani akawekwa karani mpya, binti mwepesi wa vidole. Mume wake alitaka kwenda kupiga kelele, akamkataza. Lakini iliuma. Miaka thelathini na mmoja ya kutunza siri za mji mzima, na sasa anakunja mashuka.

Mwezi ukazunguka. Saa ya chakula cha mchana alikuwa anasukuma toroli la mashuka ukumbini, gurudumu moja likilia, alipomwona msusi amesimama dirishani. Karani mpya alikuwa amemwinulia kishikwambi usoni, kidole kiko tayari.

"Tazama hapa, dada. Usifumbe macho."

"Kwanza nisomee," alisema msusi.

Bi Maringo alisimamisha toroli. Sauti ile hakuijua. Ilikuwa imevuka nondo, imevuka benchi, imefika mpaka mlango wa maabara.

"Nikusomee nini?"

"Masharti. Vifungu vyote arobaini na viwili."

"Aa, dada, hayo hakuna anayesoma."

Msusi alisukuma mtandio wake nyuma, uso wote ukaonekana. "Sisi tunasoma," alisema. Na nyuma yake benchi zima, watu kumi na wawili wenye njaa ya mchana, wakasogeleana, wakakaa vizuri, wakanyamaza kusikiliza.

Karani mpya aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akashusha kishikwambi, akakohoa kidogo, akaanza kifungu cha kwanza.