Fundi Gesi Atafuta Sindano

Shemeji yangu anazijua friji kuliko anavyowajua watu. Mtaani wanamwita Fundi Gesi, na mimi, kwa kuwa utani ni haki yangu, humwambia dada kwamba aliolewa na mtungi. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajaitikia salamu ameshasikia kama friji inakoroma au inapumua vizuri. Maneno hana. Mikono yake haitulii, na hajawahi kunidanganya hata kwa mzaha.

Dada ana ugonjwa ambao daktari huuandika kwa herufi mbili tu, MS. Kinga ya mwili wake imemgeuka, inakula ganda la neva zake. Shemeji alipoelezwa hivyo alisema, "Kama waya uliochubuka," kisha akatoka, akasimama peke yake kwenye korido. Shambulio la kwanza lilimfifisha dada jicho kwa wiki tatu. La pili lilichukua nguvu za mguu wa kushoto, na hazikurudi zote. Sindano ndizo zilizozuia la tatu, mwaka mzima na zaidi. Halafu hospitali ikaishiwa. Wakatuambia hawajui zitaingia lini, na wiki tisa zikapita.

Nilizunguka maduka ya dawa na cheti cha daktari mkononi mpaka nikachoka taabani. Muuzaji mmoja alisoma jina la dawa mara mbili, akaniuliza kama ni ya binadamu. Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia chooni. Shemeji alikuwa na njia yake. Dawa ile hukaa kwenye baridi lakini haitakiwi kuganda, na friji karibu zote za maduka ya dawa mjini zimepita mikononi mwake. Akafungua daftari lake la kazi, akaanza kupiga simu, friji moja baada ya nyingine.

Simu ya kumi na saba, mfamasia mmoja akasema analo boksi moja, sindano nne, zilizoagizwa kwa ajili ya mgonjwa aliyehama. Tuliondoka saa ileile. Njiani shemeji, amepakata kiboksi cha baridi cha kubebea dawa, aliniomba nimsomee tena jina la duka kwenye daftari. Nikamsomea. Akakibana kiboksi kifuani. Nilidhani ni furaha.

"Karibu, Fundi! Friji yako hii tangu uiguse haijanisumbua," mfamasia alisema, mama mchangamfu mwenye miwani, akaufungua mlango wa friji.

Shemeji hakugusa dawa. Aliingiza mkono mpaka ukuta wa nyuma, akauacha pale. Boksi letu lilikuwa limeegemea hapohapo, pembe yake ya chini imevimba na kukunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Limekaa hapa muda gani?"

"Tangu lije. Mwezi na kitu. Si huko nyuma ndiko kwenye baridi nzuri?"

"Liliganda, mama."

"Liligandaje? Tazama mwenyewe." Akatoa sindano moja, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa safi kabisa.

"Ikishaganda ikayeyuka, huwezi kuijua kwa macho." Shemeji akautoa mkono. "Themostati niliyokuwekea ya kudhibiti baridi ni ya friji ya nyumbani. Ya kwako ilikosekana. Nilisema nitarudi kuibadilisha, sikurudi. Wala sikukwambia usiweke kitu huku nyuma."

Nikamvuta kando.

"Shemeji, acha uchizi. Tuchukue. Huenda haikuganda. Nani atajua?"

"Mimi."

"Na dada akishambuliwa tena?"

Nakiri nilimchukia, dakika nzima. Kisha hofu ikanizidi hasira, maana nilielewa kwamba tukiichukua tutakuwa tunamchoma dada maji matupu huku tukimwambia asiogope. Nyuma yetu mfamasia alikuwa ameanza kutoa boksi za insulini zilizogusa ukuta uleule, akizipanga kauntani moja moja, uchangamfu wote umemtoka.

"Nyingine kama hizi nimeuza," alisema. "Tangu mwezi jana nauza. Watoto wawili wanatumia hizi."

"Wapigie simu," shemeji akasema. "Waambie ni kosa langu. Sitoki hapa mpaka umalize."

Alikaa kwenye kiti cha wateja saa mbili nzima, akisikiliza kila simu. Wengine walipokea. Mmoja hakupokea, na mfamasia alimpigia mara sita.

Tulifika nyumbani jua linazama. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Mmeipata?"

Nilifungua mdomo nimpe uongo mzuri. Shemeji akaniwahi.

"Ilikuwepo. Iliganda kwenye friji niliyoitengeneza mimi. Nimeiharibu mwenyewe."

Nilingoja dada amtukane, na ningemsaidia.

"Nyingine itapatikana lini?"

"Sijui, mke wangu."

"Basi njoo unishike," alisema. "Nimekaa hapa tangu mchana nakungoja, naogopa kusimama. Sasa ni mguu huu wa kulia. Siuhisi kabisa."