Kasa Waliopasuliwa Mpwapwa

Mnyama wa kwanza wa baharini niliyemgusa maishani mwangu alikuwa amekufa. Aliletwa kwa treni hadi stesheni ya Gulwe, ndani ya sanduku la mbao lililojaa barafu na maranda, nasi tukaenda kumpokea kwa Landrova ya kazini.

Nilikuwa msaidizi wa maabara ya mifugo Mpwapwa. Nilinoa visu, nilichemsha vyombo, na niliandika aliyoyasema daktari alipokuwa akipasua ng'ombe na mbuzi ambao wafugaji wao hawakujua wamekufa kwa nini. Daktari alikuwa mwanamke wa Tanga, mfupi, ushungi wake ameubana kwa pini mbili usidondokee damuni. Mimi ni Mgogo, binti wa mfugaji. Nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu, na wikiendi alinifundisha kupika wali wa nazi, ingawa nazi zenyewe zilitufikia zimeanza kuchacha.

Mnyama yule alikuwa kasa, ametumwa na mdogo wa kiume wa Mama, bwana samaki kijijini kwao pwani. Barua iliyokuja na sanduku ilisema kasa wanatupwa ufukweni wamekufa, mmoja baada ya mwingine, na wanaowaua ni vijana wa kijiji cha pili wanaovua kwa baruti. "Dada, niandikie tu kwamba ni baruti. Karatasi yako itatosha."

Mama aliisoma mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Kasa alikuwa mpana kama sinia. Nilizoea ng'ombe, kwa huyu sikujua hata pa kuanzia. Nikachukua kisu.

"Kiweke kwanza," Mama alisema. "Mtazame. Unaona nini?"

Nikamwambia macho yamezama na shingo imekonda, na gamba limeota vikombe vidogo vigumu kama mawe.

"Vizuri. Kasa mwenye nguvu haoti vitu hivi kwa wingi namna hii. Huyu alielea muda mrefu akiwa mgonjwa."

Tulimfungua gamba la tumbo. Mapafu yalikuwa makavu, hayana damu ambayo baruti ingeacha. Mafuta yalikuwa yamekwisha kabisa. Kisha tukafika kwenye utumbo. Ulikuwa umejikunja mikunjo mikunjo, kama kiuno cha sketi kilichopitishwa lastiki. Mama alipoupasua alivuta uzi wa nailoni wa kuvulia, mrefu kuliko mkono wangu, na mwisho wake ulikuwa umezongwa na mfuko wa plastiki wa bluu.

Mifuko ile ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuonekana sokoni kwetu, biashara huria iliporuhusiwa. Mama yangu mzazi aliifua na kuianika kambani pamoja na nguo. Mimi wangu nilihifadhia viatu vya kanisani.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Baba yetu alituletea mayai ya kasa," alisema. "Tulikula tukashiba. Sikuwahi kuwaonea huruma hata siku moja."

Alipoanza kunisomea ripoti, nilimwambia, "Mama, mjomba atakasirika."

"Atakasirika. Lakini nikiandika baruti, mtoto wa mtu atafungwa kwa mnyama ambaye hakumuua. Wanapiga baruti, najua. Wakamatwe kwa hiyo waliyopiga. Andika: kasa huyu ni uzi na mfuko. Wengine sijawaona."

Mjomba hakujibu. Idi ikapita bila salamu zake. Kila Ijumaa Mama alipita posta kutazama sanduku la barua, akarudi kazini akisema jua ni kali leo. Sikujua la kumfanyia. Nilimletea mlenda mkavu kutoka nyumbani, akaupika na karanga, akasema ni mtamu, nadhani alinidanganya.

Miezi kadhaa baadaye mwanamume mrefu aliingia uani kwetu na sanduku begani, vumbi la Gulwe mpaka kwenye kope.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimeleta mwingine. Safari hii nataka nione mwenyewe."

Mama alinipa kisu mimi. Nilikumbuka kutazama kwanza. Huyu alikuwa amenona. Shingoni na kwenye kikono kimoja palikuwa na alama mbichi za uzi. Tumbo lilijaa majani ya baharini. Nilipokata mapafu yalitoka maji na povu.

"Alikuwa mzima," nilisema. "Alizama. Alinaswa na wavu, akashindwa kupanda juu kuvuta pumzi."

Mjomba aliyainamia yale mapafu. "Pale alipookotwa pametegwa majarife," alisema. Jarife ni wavu mkubwa wa papa, huachwa majini siku nzima. "Matatu ya jirani zangu. Na moja langu."

Nilimtazama Mama nikidhani atamkumbusha ile barua. Alichukua birika, akammiminia maji ya kunawa, akamsugulia vidole kwa sabuni kimoja kimoja kama mtoto.

Alikaa kwetu siku tatu. Alijaribu ugali wa uwele kwa mlenda, mlenda ukamkimbia vidoleni, na dada yake akacheka mpaka akavua miwani.

Mwezi uliofuata barua ikaja. Mama alinisomea kwa sauti, tumeegemea kichanja cha vyombo. Mjomba alikuwa ameondoa jarife lake kwenye ghuba alikookotwa kasa yule. Jirani wawili wamekubali kuyatazama yao kila maji yanapobadilika. Wa tatu amekataa, na amemwambia akae na kasa wake. Mama aliirudia sehemu hiyo ya mwisho, akaiga sauti ya jirani, kisha akaniambia niwashe jiko nichemshe visu, kuna mbuzi anangoja kupasuliwa.