Madirisha Yote, Mchakato Mmoja

Sikuomba ruhusa. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo wanaoniuliza nani aliniruhusu kufungua programu ya watu na kuichokonoa, kana kwamba nilivunja ghala la mtu.

Ilikuwa Bariadi, miaka ile biashara zilipoachiwa huru, na mkoa wetu ulikuwa haujapata jina lake. Pamba, ambayo tangu nizaliwe ilinunuliwa na ushirika peke yake, ikaanza kugombaniwa na wanunuzi wa kila aina. Mitumba nayo ikaingia: nguo, redio, friji, mwishowe kompyuta. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam nikiwa na stashahada yangu. Nikaenda Mwanza, nikachagua kompyuta chache zilizochoka kutoka kwenye kontena, nikafungua darasa la kuandika programu katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yangu mdogo, jirani na stendi. Watu walicheka. Waliuliza kwa nini binti mwenye akili zake asifundishe kuchapa barua kama wengine. Niliwajibu kwamba barua zina walimu wa kutosha.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima na mashine hazikutosha, kwa hiyo kila mashine ilikaliwa na wawili, wakipokezana kibodi. Kwenye mashine ya dirishani alikaa mama mmoja mwuza samaki wa Lamadi na mzee mfugaji wa Sapiwi. Mama alikuwa anaandika programu ya kupanga mizigo yake ya samaki, ulioingia mwanzo utoke mwanzo. Mzee alitaka programu ya ukoo wa ng'ombe wake, nani kamzaa nani, maana wanawe walikuwa wameanza kuchanganya na yeye hilo lilimkera kuliko wizi.

Tatizo lilikuwa kihariri, yaani ile programu tuliyokuwa tunaandikia kazi zetu. Kilikuwa kizuri na cha bure, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyokiunda, uliachwa wazi kwa yeyote kuusoma. Ila kilijengwa na watu wenye mashine za kifahari. Kila ukifungua dirisha jipya, kilianzisha mchakato mpya kabisa, kama kihariri kingine kizima, na mchakato huo ukazaa mwingine wa kupaka maneno rangi na mwingine wa kukagua makosa, kila mmoja ukidai fungu lake la memori. Mama akifungua dirisha lake, sawa. Mzee akifungua lake, mashine inaganda. Watu walikaa wamekunja mikono wakitazama kioo kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Baba mdogo alikuwa akipita mlangoni, anawaona, anatikisa kichwa. Siku moja akaniita uani.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "mashine zako zinalala. Msimu wa pamba ukifunguliwa na bado zinalala, chumba nampa mnunuzi apimie pamba. Nimeshaongea naye."

"Hazilali, baba. Zimebebeshwa mzigo."

"Basi zitue."

Hapo ndipo ilipokuwa roho yangu. Sikuwa na chumba kingine, na mji mzima ulikuwa unasubiri kuniona nikifunga ili useme ulijua.

Nikawaandikia wenye kihariri huko kwao. Niliwaeleza kwa heshima zote kwamba tunahitaji chaguo moja tu kwenye mipangilio: anayetaka, madirisha yake yote yaendeshwe ndani ya mchakato mmoja. Walinijibu kwa adabu, ile adabu ya mtu anayekufungia mlango taratibu. Walisema michakato ikitengana ni salama zaidi, dirisha moja likianguka mengine yanabaki. Hilo ni kweli, sikatai. Kisha wakaongeza kwamba mwenye mashine isiyoweza kubeba atafute nyingine.

Nilisoma hiyo sentensi ya mwisho nikachemka. Atafute nyingine! Walidhani tunaokota? Nikasema basi, kama hawataki kuliweka, nitaliweka mwenyewe, na salama yao wabaki nayo. Dirisha langu haliwezi kuanguka kama halijaweza hata kufunguka.

Nikaingia kwenye msimbo wao. Ulikuwa msitu. Kila mahali walipoanzisha mchakato mpya, niliweka swali: je, mtumiaji amechagua hali ya mchakato mmoja? Kama ndiyo, usianzishe kitu, utumie uliopo. Anayepaka rangi awe mmoja, awapakie wote. Anayekagua makosa awe mmoja, akague kwa zamu. Kwangu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Nimekulia kwenye ugali wa sinia moja, mikono yote humo humo, na hakuna aliyewahi kupikiwa chungu chake.

Siku nilipoiwasha darasani, mama wa Lamadi akafungua dirisha lake, mzee akafungua lake, na mashine ikaendelea kama haijaona kitu. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilijifanya nimezoea.

Furaha ilidumu mpaka mchana. Mama alimaliza zamu yake, akabonyeza "Toka" kama nilivyowafundisha, kila mtu afunge vyake kabla ya kuondoka. Kioo kikawa cheupe.

"Mayu," mzee akamwambia yule mama polepole, "ng'ombe wangu wako wapi?"

"Mimi nimefunga yangu tu, baba."

"Yangu imekwenda na yako, sikuwa nimehifadhi. Ukoo mzima."

Yule mama nusura alie. Kumbe kwa waliotengeneza kihariri, mtu akitoka ametoka, mashine ni yake peke yake. Neno "Toka" linaua mchakato wote. Hawakuwahi kufikiria kwamba nyuma ya anayeaga kuna mwingine ambaye bado amekaa kwenye benchi. Mimi ndimi niliyepaswa kufikiria, na nilirekebisha siku hiyo hiyo: mchakato uhesabu madirisha, anayetoka afunge lake, na wa mwisho ndiye azime taa. Mzee akaanza upya na bibi yao, ng'ombe mweupe mwenye pembe moja, akiwataja kwa sauti huku mama wa Lamadi akimchapia kwa hiari yake.

Msimu ulipofunguliwa, baba mdogo akaja na mnunuzi wa pamba, mtu mnene mwenye futi ya kupimia mkononi.

"Mwadila," akasalimu mnunuzi.

"Mwadila, baba," tukaitikia, na vidole havikusimama.

Baba mdogo alisimama kizingitini. Alikuwa amemwambia mwenzake kwamba atakuta watu wamekunja mikono mbele ya vioo vilivyokufa. Alitazama mashine moja, akatazama nyingine. Akainama kwenye ile ya dirishani, akamwuliza mama wa Lamadi anafanya nini.

"Niko kazini, shikamoo," akajibu bila kugeuka.

"Marahaba," akasema baba mdogo, akajikohoza. "Mayu, waambie wazime, mgeni anataka kupima chumba."

Huyu ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, sikuwahi kumkatalia hata kuteka maji. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa na watu wa mbali nitafute nyingine, na sikuwa tayari kuambiwa tena nyumbani.

"Hawazimi, baba," nikasema. "Hapa mtu anatoka akimaliza. Msubiri wamalize."

Akavuta kiti, akamkaribisha mnunuzi, wakakaa barazani kusubiri. Mnunuzi alisubiri mpaka jua likamfikia miguuni, akakunja futi yake, akaenda kutafuta chumba kingine. Baba mdogo alibaki, na kabla hatujafunga aliingia, akamsogeza mzee wa Sapiwi kidogo kwenye benchi, akaketi.