Fimbo ya Mama na Kofia ya Bati

Mama alirudi kutoka hospitalini na chuma ndani ya nyonga, na daktari akamwambia atulie. Maisha yangu yote sijawahi kumwona mama yangu ametulia. Kila asubuhi alikuja akishikilia ukuta mpaka karakana yangu hapa mtaani Mangobo, ninapotengeneza mipini ya visu na fimbo.

"Fimbo yangu iko tayari?"

"Bado, Mama. Muti iko mubichi."

Fimbo yenyewe nilikwisha kuichonga. Ilibaki ncha ya chini, niliyotaka kuivika kofia ya bati isiliwe na mawe. Unachimba mifereji kwenye mti, unauzungushia karatasi ngumu, unakaza kwa waya, kisha unamimina bati lililoyeyuka lishike mifereji kama meno. Lakini bati la moto na mti wenye maji havipatani. Maji yanageuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea. Mvua nayo haikutupa nafasi. Niligeuza fimbo juu ya makaa, nikaipima unyevu kwa shavu, nikaigeuza tena. Hata chai yangu sikuimaliza.

Jua lilipochomoza kidogo, nikamimina. Bati likatema. Tone likanirukia mkononi, na kofia ikatoka na matundu matundu. Nilikwenda ndani kumwagia mkono maji. Niliporudi, fimbo haikuwepo. Mama pia.

"Amepanda moto ya kubeba watu," jirani yangu anayeuza majani ya pondu akaniambia. "Amesema anaenda mtoni, Wagenia, kutafuta samaki."

Nikapanda pikipiki nyingine. "Papa, harakisha!" nilimsihi dereva. Kwenye kila shimo la barabara nilimwona mama kichwani mwangu amelala chini, na mashimo ni mengi.

Nilimkuta wavuvi wanaposhushia samaki. Alisimama juu ya mwamba uliolowa, ameegemea fimbo, anabishana na muuzaji kwamba samaki ni wa jana. Nilitaka kumgombeza, kikanitoka kilio.

"Unalia nini?"

"Mama, ungeanguka!"

"Nilianguka mu nyumba yangu, tena chini ilikuwa kavu. Alors, nyumba njo iko muzuri kuliko mawe?"

Nilimwomba tu aniachie fimbo ikauke. Alikubali, kwa sharti kwamba ataikausha mwenyewe. Tuliporudi karakanani akakaa kando ya makaa, fimbo mapajani, akiigeuza na kuinusa, akinigombeza kila nilipopita.

Niliyeyusha ile kofia mbovu, nikamimina upya. Safari hii bati liliteremka kimya, likajaa mpaka ukingoni.

"Imeisha?"

"Iko moto bado, Mama!"

Tayari alikuwa amesimama, mkono mbele.

Siku hizi anafika mpaka upande wa Masako, kwenye shamba la dada yake. Mimi nabaki na tupa mkononi, nalainisha mipini ya watu, jicho njiani. Nilimnunulia simu. Haipokei.